Usimsingizie Mungu Kosa la Sarufi

Siku hizi hata harusini sikai kitako nikatulia. Keshanijia mmoja wenu, simu mkononi: "Bi Zuwena, eti Kijerumani kigumu?" Niache nile biriani yangu, mwanangu! Lakini kwa kuwa hamchoki kuuliza, na kwa kuwa nimestaafu na sina tena darasa la kulipigia makelele, leo nitasema nnayoyajua, nanyi mtanyamaza mpaka nimalize.

Kigumu. Naam, kigumu, nani kakudanganyeni kuna lugha rahisi? Lakini nyie ndo msiseme. Mmezaliwa na jeshi zima la ngeli: kiti hiki, mti huu, gari hili, ukuta huu, na wala hamfikiri. Leo mnapewa tatu tu, der, die, das, mnalia kama mmefiwa. Hamna haya! Jua kwa Kijerumani ni la kike, die Sonne, na mwezi ni wa kiume, der Mond. Wenye Kifaransa chao hapo wanapaparika, maana kwao ni kinyume. Sie Kiarabu kishatufunza zamani: shams ya kike, qamar wa kiume. Basi hapo mshatangulia. Mkifika kwenye msichana, das Mädchen, ambaye si wa kike wala wa kiume, msiniulize sababu. Sikuiunda mie lugha ile.

Nimeisomesha hapa Maskati miaka mingi. Darasa langu la mwisho lilikuwa Qurum, ghorofani, chini yetu daktari wa meno, na kila tukifika kwenye vitenzi tunasikia mashine yake ikilia. Wanafunzi wakisema afadhali wateremke kwake. Kabla ya hapo nlikuwa nikitembeza watalii, na kabla ya watalii nlikuwa mkalimani wa mafundi huko Ghala, mtaa wa viwanda. Kazi ile ilitaka moyo. Unasimama baina ya Mjerumani aliyekasirika na fundi aliyekasirika, mashine imekufa katikati yenu, na kila mmoja unamfikishia matusi ya mwenziwe yakiwa yameshaoshwa. Siku moja fundi wetu alisema maneno mazito juu ya mama wa watu. Nikamgeukia Mjerumani nikamwambia, "Anauliza kama kuna skrubu nyengine." Mashine ikapona siku ile ile.

Lugha yenyewe nliipata Leipzig. Nlipelekwa kusoma kutoka Unguja nikiwa msichana, zama Ujerumani imekatwa mapande mawili, na Leipzig ilikuwa pande la mashariki. Watu wa kule wana Kijerumani chao, wanalegeza maneno, k wanaifanya g na p wanaifanya b. Mie nikadhani ndo Kijerumani chenyewe. Nikaja Maskati, kundi langu la kwanza la watalii linatoka Hamburg, nikalikaribisha kwa sauti kubwa na kifua mbele. Wakaangua kicheko! Bibi mmoja akaniambia nasema kama muuza soseji mmoja wa Leipzig aliyekuwa jirani yake. Ebo! Chukulieni Mchina anashuka Mjini Unguja, anafungua mdomo, anatoka na Kimakunduchi kitupu. Ndo nlivyokuwa mie.

Kwa hiyo sikilizeni, Ujerumani si mji mmoja. Hamburg watakwambia "Moin" asubuhi na jioni, na basi, salamu imekwisha. Munich wanamtaja Mungu katika salamu, kama sie. Köln mtu asiyekujua atakuhadithia ugonjwa wa mkwewe mkiwa mnasubiri treni. Berlin watakujibu kwa ukali na wala hawajakasirika, ndo sauti zao. Unapokwenda mji wa watu, tega sikio kwanza, ulimi baadaye.

Sasa nikupeni kisa cha Thuraya.

Kwao Sib, pembezoni mwa Maskati, lakini babu zake waliishi Tabora, na nyumbani kwao wanasema Kiswahili cha bara. Siku ya mwanzo aliingia darasani anahema, akasema, "Samahani mwalimu, nimetoka shule moja kwa moja." Wale watoto wa Kiunguja wakacheka: "Shule! Si useme skuli!" Nikaupiga ubao kofi. Nyamazeni, wajinga nyie. Skuli tumeichukua kwa Mwingereza. Shule ya huyu ni Schule, imetoka kwa Mjerumani mwenyewe alipotawala bara, na hela vile vile ni neno lake. Hakutawala kwa upole, na hilo mlijue mkenda kwao mkaona majumba mazuri. Lakini neno alilotuachia ni letu, hatumrejeshei. Thuraya kaja na maneno mawili ya Kijerumani toka nyumbani, nyie mmekuja na meno tu ya kuchekea. Toka siku ile akawa anakaa mbele.

Nikamuuliza anataka Kijerumani cha nini. Wengine husema kusafiri, wengine mpira. Yeye akavuta pumzi akalitoa neno zima bila kusimama: Orthopädietechnik-Mechanikerin. Fundi wa viungo vya bandia, wa kike. Nikamwambia, haya, neno refu kuliko hilo sina, umeshamaliza kozi.

Lakini hakuwa na mzaha. Babake, Mzee Khalfan, sukari ilimla mguu wa kulia, ukakatwa chini ya goti. Akatengenezewa wa bandia, akatembea. Baadaye akakonda, kigutu kikapungua, na mguu ukaanza kumsugua. Sasa, Mzee Khalfan ni mtu wa kizamani. Daktari akimuuliza, "Unauma?" anajibu, "Alhamdulillahi." Mkewe akimuuliza, "Alhamdulillahi." Kama husemi unaumwa, nani atautengeneza? Thuraya alikuwa akiona damu kwenye soksi akifua. Akaona kama baba hasemi, basi yeye atajifunza mpaka asihitaji kuambiwa.

Na mikono alikuwa nayo. Mjombake ana karakana Ghala ya kushona viti vya magari, na Thuraya toka mdogo kila likizo alikuwa kule. Alijua kukata ngozi, kubandika sponji, kushona mshono usiokwaruza. Mguu wa babake aliutilia bitana ndani kwa mabaki ya viti. Mzee akauvaa, hakusema kitu, lakini soksi ikawa safi wiki nzima.

Ujerumani kuna utaratibu wanauita Ausbildung, nao ndo ulionifanya niwasifu watu wale hata nikiwa nimewakasirikia. Mtu hasomi miaka kisha akatafuta kazi. Anaingia karakana chini ya fundi mkuu, siku nyengine yuko skuli ya kazi, mikono na kichwa vinasoma pamoja. Kinyozi ana cheti chake kakitundika ukutani, na mwoka mikate anacho chake. Thuraya akaandika huku na huku mpaka fundi mkuu mmoja wa Münster, Bwana Voss, akakubali kuzungumza naye kwa kompyuta. Nafasi ilikuwa moja tu.

Mzee Khalfan hakutaka. Nlikwenda kwake Sib mwenyewe.

"Mtoto wa kike, peke yake, nchi ya baridi?" akaniuliza.

"Mie nlikwenda, Mzee Khalfan."

"Na ukarudi na ulimi mkali."

"Nlikwenda nao."

Mkewe akacheka jikoni. Mzee akasema azungumze kwanza na huyo Mjerumani, kisha tutaona. Kwa mzee yule "tutaona" lilikuwa jambo kubwa.

Siku ya mazungumzo nlikaa pembeni ya Thuraya, chumbani kwao Sib, nje ya kamera, kwa sharti kuwa nifunge mdomo. Sijapata kazi ngumu kuliko ile maishani mwangu. Kila kitu kikaenda vizuri. Kajieleza, kaitaja kazi, vitenzi kaviweka mwisho wa sentensi panapotakiwa. Moyo wangu ukawa unacheza lelemama. Mwisho Bwana Voss, mtu mkubwa, mvi, sura haionyeshi lolote, akainama akauliza: "Sie haben noch nie mit den Händen gearbeitet, oder?" Yaani, wewe hujapata kufanya kazi ya mikono, au siyo?

Thuraya akajitutumua. "Nein!" akasema, kwa nguvu, kichwa juu.

Bwana Voss akatikisa kichwa, akashukuru, akasema watamjulisha. Akazima.

Nikamgeukia. "Mwanangu, kwa nini umemwambia hujapata kufanya?"

"Sijamwambia hivyo! Kasema sijapata kufanya, mie nimekataa. Nimesema nein."

Yarabi! Hapo nikaelewa, na nanyi fahamuni vizuri, maana kosa hili ni letu sie wenyewe, la mtu mwenye Kiswahili kichwani. Sie tukiulizwa "Hukula?" tunayajibu maneno ya muulizaji. "Ndiyo, sikula," au "La, nimekula." Mjerumani hayajibu maneno, analijibu tumbo: lina kitu ama halina. Ukisema nein, maana yake hukula. Ukitaka kubisha, kuna neno lake maalumu, doch.

Nlilijua vyema, maana liliwahi kuninyima chakula. Leipzig nlikaa kwa mjane mmoja, Bi Lehnert, mwalimu mstaafu, mkali, mwenye moyo mzuri. Kanipikia samaki na viazi, nami kwa adabu za kwetu nadonoa kidogo kidogo ili nisionekane nna pupa. Akaniuliza, "Huna njaa?" Nikamjibu kwa nguvu, "Nein!" Yaani wapi, njaa ninayo! Akaichukua sahani. Nikamtazama samaki anaondoka. Asubuhi yake nlipomweleza alicheka mpaka miwani ikamvuka, kisha akanikalisha akanisomesha doch, na mkate hakunipa mpaka nlipolisema sawasawa.

Na Kiarabu chetu kinalo neno lile lile, tumefunzwa chuoni, kwenye Kurani, toka wadogo: bala. Ukiulizwa kwa kukanusha nawe unathibitisha, husemi naam, unasema bala. Nlipokuwa nikilieleza darasani nikapaza sauti, "Doch ni bala! Bala!" na mama mmoja aliyekuwa akimsubiri mwanawe mlangoni akashtuka: "Balaa gani tena, jamani?" Darasa likavunjika mbavu. Thuraya alikuwapo, alicheka kuliko wote. Lakini mtu akiogopa hujibu kwa lugha ya mamake.

Sasa pale Sib nikamweleza alichokisema. Akafunga kompyuta. "Basi, mwalimu. Labda si riziki yangu."

Wallahi nlipandwa. "Riziki? Usimsingizie Mungu kosa la sarufi! Mungu kakupa mikono, kakupa mjomba, kakupa Kijerumani. Neno moja limekushinda, unamtwisha Yeye? Fungua hiyo kompyuta umpigie."

"Aibu, mwalimu. Mtu mzima yule. Nitamwambiaje kuwa hakunifahamu?"

"Hutomwambia hakufahamu. Utamwambia wewe umejibu vibaya. Wenzako kule hawaoni aibu kurekebisha, wanaona aibu kuacha kitu kimepinda."

Akanitazama. Akaifungua kompyuta, akapiga. Bwana Voss akatokea na mkate mdomoni.

"Herr Voss," Thuraya akasema, "doch."

"Bitte?"

"Doch. Doch, nimefanya. Nimejibu vibaya. Nimefanya kazi ya mikono toka nikiwa mtoto."

Akamweleza yote, ngozi, sponji, sindano, safari hii vitenzi vimetawanyika kila mahali na wala hakuvijali. Bwana Voss akaumeza mkate wake. Akasema, nionyeshe kitu ulichokishona.

Thuraya akaondoka mbio. Mzee Khalfan alikuwa ukumbini, kakaa anatazama televisheni ambayo sauti alikuwa ameizima toka tulipoanza, maana alikuwa akisikiliza.

"Baba, nipe mguu."

"Nikupe nini?"

"Mguu, baba. Mjerumani anataka kuuona."

Mzee akamtazama mwanawe, akanitazama mie mlangoni. Mguu ule hakuwa akiuvua mbele ya watu, hata nduguze. Nikageuza uso. Nikasikia mkanda unafunguliwa.

"Haya," akasema. "Naona mguu utafika Ujerumani kabla ya mwenyewe."

Thuraya akaushika mbele ya kamera kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Bwana Voss akavaa miwani. Lete karibu. Geuza. Nani kakufundisha mshono huu? Mjomba wangu, wa viti vya magari. Na hapa kwa nini umezidisha unene?

"Kwa sababu hapa ndipo panapomsugua."

"Alikwambia?"

"Hapana. Babangu hasemi. Niliona soksi."

Bwana Voss akavua miwani. Akasema, "Gut." Yaani vizuri, na kwa mtu wa Münster, jueni hiyo ni hotuba. Nafasi akampa yeye.

Mzee Khalfan alikuwa ameshavaa mguu wake tulipotoka. Hakusema nenda wala usiende. Alimwambia mkewe amtafutie mtoto makoti.

Alivyofika Münster, mji wa mvua na baiskeli, nikaanza somo la pili kwa simu, na hili liandikeni nyie mnaotaka kwenda. Kwanza, ukipata pa kukaa, nenda ofisi ya kuandikisha makazi, usingoje. Bila ya kuandikishwa huko hupo, hata kama umesimama mbele yao unatoka maji ya mvua. Pili, kila kitu kina Termin, miadi, na ukisema utafika, fika. Usimwambie mtu "inshaallah" ukimaanisha huendi, maana hiyo hata hapa ni dhambi. Tatu, wakikunyooshea kosa lako mbele ya watu, hawakutukani. Mie lilinichukua muda kulifahamu hilo, nikawa nalia chooni. Nlipolifahamu, nikaanza nami kuwanyooshea yao.

Lakini upweke, nyie, upweke wa kule una meno. Jumapili maduka yamefungwa, njia nyeupe, hata mtoto hapigi kelele. Thuraya akanipigia analia. Nikamwambia, futa machozi, tafuta Verein, yaani chama. Mjerumani ukimkuta njiani hakuamkii, lakini mtie katika chama cha michezo atakupikia keki. Kila kitu wana chama chake, cha mpira, cha mishale, cha njiwa, wana mwenyekiti na mshika fedha na mkutano wa mwaka ambao watu wanagombana mpaka wanaiva nyuso. Nyie mnajua timu za kwenye televisheni tu. Mchezo wa Ujerumani uko kwenye vyama vidogo hivi, kwenye kumbi zinazonuka viatu.

Akatafuta, na wateja wa karakana wakamwelekeza. Voliboli ya kukaa chini. Wavu umeteremshwa, wachezaji wamekaa sakafuni, wanajisukuma kwa mikono, wenye miguu na wasio na miguu wote mamoja. Aliniambia alipofungua mlango mara ya kwanza aliona miguu ya bandia imepangwa ukutani kama viatu nje ya msikiti, na wenyewe wako uwanjani wanatukanana kwa furaha. Akajifunga hijabu vizuri, akakaa sakafuni nao. Siku ile alipigwa na mpira usoni, akafungwa, akaitwa kwa jina lake, na hakulia tena Jumapili.

Babake kila simu alikuwa akiuliza neno moja, "Unarudi lini?" Naye anajibu, "Nikimaliza, baba."

Ijumaa moja mwaka huu nlikwenda kuwatazama Sib, kama ada yangu. Thuraya akapiga, uso unang'aa, bado yumo ndani ya nguo za kazi. Mzee simu hizi hazishiki vizuri, anajionyesha pua, kwa hiyo nlimshikia mie.

"Baba, leo ameondoka na mguu wangu! Wa kwanza nilioufanya mwenyewe toka mwanzo mpaka mwisho. Mzee mmoja mkulima. Katoka mlangoni anatembea, kaenda kwa ng'ombe wake."

Mzee Khalfan akausogelea uso wa mwanawe kwenye kioo. "Haumuumi?"

"Mara ya kwanza alisema unamuuma, akanionyesha pahala. Nikauchonga. Akaja tena, akasema bado kidogo, akanionyesha. Nikauchonga tena. Leo nimemuuliza, kasema hapana. Huku watu wanasema, baba. Ndiyo maana tunaweza kuwatengenezea."

Nlijua linalokuja, Alhamdulillahi na mazungumzo ya hali ya hewa. Mkewe alikuwa anaingia na kahawa.

"Wangu unauma," akasema.

Mkewe akasimama pale pale na birika mkononi. Miaka yote ile hatujapata kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Thuraya hakulia, ingawa mie nlikuwa nimeshaanza. Akavuta kitu cha kukalia karibu na simu yake. Akauliza, kwa sauti ya fundi, "Wapi hasa, baba?"

Mzee Khalfan akapandisha kanzu, akafungua mkanda mbele yetu sote, akanambia niisogeze simu chini nimwonyeshe mtoto vizuri. Akaweka kidole.

"Hapa," akasema. "Na hapa. Na hapa nyuma, toka siku ya mwanzo."